Miaka 16, 18 au 30: kijana wa Kongo huanza lini kupiga kura?

Chukua kijana aliyezaliwa Beni, Nord-Kivu, tarehe 5 Desemba 1993. Wakongo walipomchagua rais tarehe 28 Novemba 2011, alikuwa amebakiza wiki moja tu atimize miaka 18. Ikabidi asubiri zamu ijayo. Zamu hiyo ilitakiwa kufika 2016, ikasogezwa mpaka 30 Desemba 2018. Sasa alikuwa na miaka 25, karte ya uchaguzi mfukoni, lakini siku chache kabla ya kura, tume ya uchaguzi, CENI, ikaziondoa Beni na Butembo kwenye kalenda, pamoja na Yumbi kule magharibi, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Wakaaji wa Beni walijipangia wenyewe kura ya mfano siku ile ile, wakasimama kwenye mistari mirefu kuonyesha kwamba inawezekana. Kura hizo hazikuingizwa katika matokeo rasmi. Walipopata nafasi ya kuchagua wabunge mwezi Machi 2019, rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari.

Basi mara ya kwanza kijana huyo kuweza kumpigia rais kura ilikuwa 20 Desemba 2023, akiwa na miaka 30 na wiki mbili. Katiba yetu, kifungu cha 72, inamtaka mgombea wa urais awe na miaka 30 angalau. Kila aliyezaliwa Beni au Butembo kati ya 29 Novemba na 19 Desemba 1993 alifikia umri wa kugombea urais kabla hajawahi kumchagua rais hata mara moja.

Ninaanza na hesabu hii makusudi. Mjadala wa kushusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 18 hadi 16 hutufikia huku Lubumbashi ukiwa umevaa nguo za Ulaya: je, mtoto wa miaka 16 ana akili ya kutosha? Swali ni halali na nitalijibu. Lakini kwetu umri wa kura ya kwanza haupangwi na akili peke yake, wala na namba iliyoandikwa kwenye sheria peke yake. Unapangwa na namba hiyo, unapangwa na kalenda ya uchaguzi, na unapangwa na karatasi inayothibitisha kwamba wewe ulizaliwa siku fulani. Mtu akizungumzia namba bila kugusa kalenda na karatasi, anafungua mlango mmoja huku miwili imefungwa.

Namba ilivyofika 18

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 5, inasema kwamba wachaguzi ni Wakongo wote, wanaume kwa wanawake, waliotimiza miaka 18 na wanaofurahia haki zao za kiraia na za kisiasa. Umri umeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, haukuachiwa sheria ya uchaguzi, na jambo hilo lina uzito mkubwa kama tutakavyoona. Haki ya kuchaguliwa nayo ina ngazi zake: mbunge wa taifa miaka 25, seneta 30, rais 30. Kushusha umri wa kuchagua hakulazimishi kushusha umri wa kuchaguliwa. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, wanamwona mtoto wa kidato akiwa mbunge, wanashtuka, mjadala unaishia hapo.

Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mji huu ulipopiga kura kwa mara ya kwanza, Desemba 1957, ukiitwa bado Elisabethville, walioruhusiwa kuchagua washauri wa komini, yaani serikali za mitaa za mji, walikuwa wanaume peke yao, wa miaka 25 kwenda juu. Kura kama hiyo ilifanyika Léopoldville na Jadotville, yaani Likasi ya leo. Hapa kwetu matokeo yaliwapa nguvu watu wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Kasaï, na hasira iliyofuata ilichangia kuzaliwa kwa Conakat, chama cha Wakatanga asilia, mwaka 1958. Wazee wa Kamalondo na Kenya, komini za mji huu, wanajua yaliyotokea baada ya hapo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi kwamba orodha ya wachaguzi si jambo la makaratasi tu: anayeandikwa ndani yake na anayeachwa nje ndio wanaoamua nani atatawala na nani atalalamika.

Mei 1960, katika uchaguzi wa kuelekea uhuru, umri ulikuwa umeshuka hadi 21, lakini bado ni wanaume tu. Mama zetu walipata kura mwaka 1967. Sababu zilizotolewa kuwanyima kabla ya hapo nitazirudia chini, maana leo zinatumika tena, neno kwa neno, dhidi ya vijana.

Kwingine duniani namba hii imekuwa ikishuka kwa mawimbi. Uingereza ilishuka kutoka 21 hadi 18 mwaka 1969. Marekani ilifanya hivyo mwaka 1971, wakati wa vita ya Vietnam, baada ya vijana kuuliza inakuwaje mtu wa miaka 18 apelekwe kufa vitani lakini asiweze kumchagua anayempeleka. Ufaransa ilifuata 1974. Ubelgiji, iliyotutawala, ilisubiri hadi 1981 kwa uchaguzi wa bunge. Wimbi la pili, la miaka 16, lilianzia Amerika ya Kusini na ya Kati: Nicaragua mwaka 1984, Brazil katika Katiba yake ya 1988 ambako wenye miaka 16 na 17 hupiga kura kwa hiari, Ecuador 2008, Argentina 2012. Ulaya, Austria ilitangulia mwaka 2007, ikafuatiwa na Malta mwaka 2018. Ubelgiji yenyewe iliwaita vijana wa miaka 16 kuchagua wabunge wa Ulaya mwezi Juni 2024. Na kuna nchi zilizo nyuma yetu: Cameroon bado inadai miaka 20.

Majirani zetu wa karibu, Zambia, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, wote wako kwenye 18.

Kalenda

Uchaguzi wetu mkuu ni wa kila miaka mitano. Maana yake, hata mambo yakienda sawasawa bila siku moja kuchelewa, kijana hapigi kura ya kwanza ya taifa akiwa na miaka 18 isipokuwa amebahatika kuzaliwa mwaka unaofaa. Aliyezaliwa Januari 2006 hapa Katuba alikosa kura ya Desemba 2023 kwa wiki chache. Inayofuata, kwa mujibu wa Katiba, ni mwishoni mwa 2028. Atakuwa anakaribia miaka 23. Kwa hiyo umri halisi wa kura ya kwanza unatapakaa kati ya 18 na karibu 23, na wastani wake unaangukia kama miaka 20 na nusu.

Ukishusha namba hadi 16, wastani huo unashuka hadi miaka 18 na nusu. Sikusema 16. Hili ndilo jambo ambalo halisemwi kabisa katika mjadala, nami naliona kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote: katika nchi yenye uchaguzi wa miaka mitano mitano, sheria ya miaka 16 ndiyo inayomfanya kijana wa kawaida apige kura ya kwanza akiwa amefikia utu uzima. Sheria ya miaka 18 humchelewesha. Na uchaguzi ukiahirishwa, kama ulivyoahirishwa kutoka 2016 hadi 2018, anayeumia zaidi ni kijana, kwa sababu mtu mzima alishachagua huko nyuma, yeye hajaonja hata mara moja.

Kisha kuna sehemu za nchi ambako kalenda haifiki kabisa. Mwaka 2023 Masisi na Rutshuru, na Kwamouth upande wa magharibi, hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Kijana wa Masisi anayetimiza leo miaka 18 ameipata haki kwenye karatasi ya Katiba, na hana meza ya kuandikishwa. Ukimwambia kwamba tunataka kumpa mwenzake wa miaka 16 haki hiyo hiyo, ana haki ya kukuuliza ni haki ipi unayoizungumzia. Jibu langu kwake ni kwamba madai hayo mawili hayagombani, ila dai lake ni la haraka zaidi.

Akili ya miaka 16

Tuje kwenye swali la kichwa. Laurence Steinberg, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyechunguza ukuaji wa vijana kwa miaka mingi, anatofautisha aina mbili za kuamua. Kuna kuamua kwa utulivu, ambapo mtu ana muda wa kufikiri, kuuliza na kulinganisha. Na kuna kuamua katika moto: mbele ya wenzako, ukiwa na hasira, hofu au msisimko. Kwa aina ya kwanza, kijana wa miaka 16 hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Kwa aina ya pili, ubongo huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana si kinyume cha akili kumpa mtu wa miaka 16 kura na kumnyima pombe au usukani wa gari: kura ni uamuzi ambao kampeni huipa wiki kadhaa, na hufanyika ndani ya kibanda, peke yako.

Nakubali kwamba kampeni zetu si za utulivu. Ngoma, lori zilizojaa watu, tisheti, vitenge, noti zinazopenyezwa mkononi. Lakini moto huo unawaka barabarani na huwapata wote, wa 16 na wa 60.

Austria ni mahali ambapo swali hili limepimwa kwa muda mrefu zaidi Ulaya, kwa kuwa vijana wa 16 walipiga kura ya bunge huko kuanzia 2008. Watafiti waliolinganisha vijana hao na wakubwa wao kidogo hawakuona kwamba kura zao ziliendana vibaya zaidi na maoni yao wenyewe, wala kwamba walikuwa wavivu wa kwenda kupiga. Kinyume chake, wa miaka 16 na 17 walijitokeza zaidi kuliko wa 18 hadi 20. Scotland iliwaruhusu wa miaka 16 katika kura ya maoni ya uhuru ya 2014. Tume ya uchaguzi ya Uingereza ilikadiria kwamba asilimia 75 ya wenye 16 na 17 walipiga kura, dhidi ya 54 ya wenye 18 hadi 24.

Kwa nini wadogo wawazidi wakubwa? Jibu tunaliona hapa hapa. Katika miaka 16 kijana yuko bado nyumbani kwa wazazi, yuko umanite, yaani sekondari ya juu, ana mwalimu wa somo la uraia, ana jirani wanaomfahamu. Katika miaka 18 hadi 20 maisha yanamtawanya. Amemaliza egzame ya Leta, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, anakwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi, au Kasumbalesa kufanya biashara ya mpakani, au amehamia chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu. Karte yake inamtaka apigie kura pale alipoandikishwa, Ruashi au Kampemba, naye yuko kilomita mia tatu mbali. Tunampa haki ya kwanza katika mwaka ule ule ambao ni mgumu zaidi kwake kuitumia.

Hofu nyingine ni ya mzazi kumwamuru mtoto: papa anasema nani achaguliwe, mtoto anatii. Haya ndiyo maneno yaliyosemwa juu ya wanawake kabla ya 1967, kwamba mke atapiga kura ya mumewe, kwa hiyo kumpa kura ni kumpa mume kura mbili. Hatukulitatua tatizo hilo kwa kuwanyima mama zetu kura. Tulilitatua kwa kibanda cha siri, na siri hiyo inamlinda binti wa miaka 16 vile vile inavyomlinda mama yake.

Ukuta wa 18

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu kuliko mengine yote, nalo halitoki kwa wanasiasa. Linatoka kwa wanaotetea watoto, hasa wasichana.

Sheria ya familia ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana kuoa akiwa na 18. Ilichukua miongo ya mapambano ya akina mama, wanasheria na makanisa kuufanya umri uwe 18 kwa wote: sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikataza ndoa ya watoto, na marekebisho ya sheria ya familia ya mwaka 2016 yakauweka umri huo wazi. Katiba yenyewe, kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria hiyo ya 2009 inakataza pia kumwingiza mtoto katika jeshi au katika kikundi chenye silaha.

Nchi hii inajua kwa nini ukuta huo ulijengwa. Mwaka 1996 na 1997 tuliwaona kadogo, yaani askari watoto, wakipita na bunduki ndefu kuliko wao, kutoka Bukavu na Goma hadi Lubumbashi na Kinshasa. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, ilikuwa dhidi ya Thomas Lubanga, kwa kuwaandikisha na kuwatumia kule Ituri watoto wasiofikia miaka 15. Alifungwa miaka 14. Anayesema, tusitoboe tundu katika ukuta wa 18, kwa sababu kesho baba atasema binti anayeweza kumchagua rais anaweza pia kuchagua mume, haoni mzimu. Anaiona nchi yake.

Hata hivyo ninaamini ukuta unaweza kubaki imara na kuwa na mlango. Sheria zetu zenyewe zinatumia umri tofauti kwa mambo tofauti. Mtoto asiyetimiza miaka 14 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kuanzia 14 hadi 18 anaweza kufikishwa mbele ya tribinali ya watoto na kujibu alilotenda. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa mtoto wa 14 anawajibika mbele ya hakimu, basi anaweza kuolewa. Kinachotakiwa ni kuandika jambo hilo waziwazi: kifungu cha 5 kikibadilishwa, kifungu cha 41 kibaki kilivyo, na sentensi moja iongezwe kwamba haki ya kura haimwondolei mtoto ulinzi wowote. Bila sentensi hiyo mimi mwenyewe nisingeunga mkono mabadiliko.

Tena ulinzi usiokuwa na sauti una mipaka yake. Hapa Haut-Katanga tunaishi juu ya shaba na kobalti. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa malipo ya mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini na maeneo ya mahali yanakochimbwa, na 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hiyo asilimia 10 imewekwa kwa jina la wale watakaobaki wakati mashimo yatakapokuwa matupu. Kijana wa miaka 16 ndiye kizazi hicho, yupo, anatembea kwa miguu kwenye vumbi la barabara ya malori. Na hana njia yoyote ya kumwondoa madarakani mtu anayeusimamia vibaya mfuko wake. Kuna mabunge ya watoto katika miji yetu, Lubumbashi, Bukavu na Goma, nami nayapenda kwa sababu yanafundisha kusema mbele ya watu. Lakini ni mabunge ya kusikilizwa. Hayapigii kura bajeti.

Karatasi

Sasa tunafika kwenye fundo lenyewe.

Sensa ya mwisho nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo hakuna mtu aliyetuhesabu. Tunajua kwa makadirio kwamba karibu nusu ya Wakongo hawajafikia miaka 18, lakini ni wangapi hasa wana 16 na 17, hakuna ofisi inayoweza kukuonyesha daftari. Sheria inamtaka mzazi atangaze kuzaliwa kwa mtoto ndani ya siku 90 kwenye ofisi ya komini, bila malipo. Wengi hawatangazi. Ofisi iko mbali, au anaombwa pesa ambazo sheria haizijui, au karatasi ya uzazi imezuiliwa hospitali kwa sababu ya deni. Muda ukipita, inabidi kwenda tribinali kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, na huko gharama hupanda.

Sasa weka juu ya hayo jambo hili: kwa miaka mingi, kitambulisho cha Mkongo wa kawaida kimekuwa karte ya uchaguzi. Imeandikwa juu yake kwamba inachukua nafasi ya kitambulisho cha muda. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, kununua laini ya simu, kupita kizuizi cha polisi njiani, unaombwa hiyo. Ofisi ya taifa ya utambulisho wa wananchi, ONIP, iliundwa mwaka 2011, na bado karte ya CENI ndiyo inayobeba mzigo.

Matokeo yake unaweza kuyatabiri. Kijana wa miaka 15 au 16 anayehitaji kitambulisho ili asisumbuliwe barabarani anakwenda kuandikishwa kama mchaguzi, akidanganya mwaka wa kuzaliwa. Hana nia ya kuiba kura, anatafuta kuwepo. Kabla ya uchaguzi wa 2018 CENI ilipochuja orodha yake, iliondoa majina zaidi ya milioni tano yaliyojirudia, pamoja na mamia ya maelfu ya watoto. Wakaguzi wa uchaguzi hulitaja tatizo hili kila mara.

Na wanasiasa wana sababu ya kufumba macho. Viti vya ubunge nchini mwetu hugawanywa kufuatana na idadi ya walioandikishwa katika kila eneo, kwa kuwa idadi ya wakaaji haijulikani. Eneo lenye majina mengi zaidi linapata viti vingi zaidi kati ya 500. Kila jina la mtoto linaloingia kwenye orodha ya eneo lako ni uzito upande wako wa mizani, hata kama mtoto huyo hatapiga kura kamwe.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, kwa nia njema, kwamba kwa vile vijana wa 16 wanaandikishwa kwa siri, tuwahalalishe tu. Ukiishusha namba hadi 16 leo, bila karatasi, atakayekuja kudanganya kesho ni wa miaka 13. Sababu iliyomfanya wa 16 adanganye ni njaa ya kitambulisho, nayo ingebaki pale pale, na orodha ingezidi kuwa ya mashaka. Uchaguzi wetu haubebi mashaka zaidi ya yaliyopo.

Ukivuka Kasumbalesa, upande wa Zambia, utaona njia nyingine. Huko kijana akifika miaka 16 anapata kadi ya taifa ya utambulisho. Kura bado ni miaka 18. Kitambulisho na kura ni vitu viwili, vinatolewa kwa wakati mbalimbali, na hakuna haja ya kudanganya kimoja ili upate kingine. Ufaransa nayo huwaandikisha raia wake katika miaka 16, kisha wakifika 18 jina linaingia lenyewe kwenye orodha ya wachaguzi.

Njia ya kisheria, na mahali inapokwama

Kwa kuwa umri uko ndani ya Katiba, hakuna sheria ya kawaida ya bunge inayoweza kuushusha, hata kwa uchaguzi wa komini pekee. Hili linasikitisha, maana ngazi ya komini ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Desemba 2023, Lubumbashi ilipiga kura kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii kuchagua washauri wa komini, na masuala ya ngazi hiyo, maji, takataka, taa, barabara ya shule, ni yale ambayo mwanafunzi anayaona kila asubuhi kuliko mbunge.

Katiba hubadilishwa kwa kifungu cha 218. Wanaoweza kuanzisha ni rais, serikali, nusu ya wajumbe wa moja ya mabunge mawili, au watu 100,000 kwa ombi lenye sahihi. Kisha ni kura ya maoni, au theluthi mbili kasoro kidogo, yaani tatu ya tano, ya wabunge na maseneta wakikaa pamoja. Ndivyo ilivyofanyika Januari 2011, bila kura ya maoni, uchaguzi wa rais ulipofanywa wa duru moja badala ya mbili. Kifungu cha 220 kinafunga baadhi ya mambo yasiguswe kamwe, kama idadi na urefu wa vipindi vya rais. Umri wa wachaguzi haumo katika orodha hiyo. Unaweza kubadilishwa.

Lakini kifungu cha 219 kinakataza marekebisho yoyote wakati wa vita, hali ya dharura, au hali ya kuzingirwa (état de siège), yaani jeshi likishika utawala. Ituri na Nord-Kivu ziko chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021, na sentensi hiyo haitofautishi kati ya nchi nzima na majimbo mawili. Juu ya hayo, tangu Rais Tshisekedi alipotangaza Kisangani, Oktoba 2024, nia ya kuunda tume ya kuiangalia upya Katiba, kila anayesema neno marekebisho anaulizwa yuko upande gani katika suala la vipindi vya rais. Dai la vijana likitupwa sasa ndani ya chungu hicho, litatumika kama chumvi ya kupikia mboga ya wengine. Nisingependa kuona miaka 16 ikiwekwa kwenye kifurushi kimoja na jambo lingine ili vijana wapige makofi.

Mimi naunga mkono miaka 16, kwa sentensi ile ya ulinzi niliyoitaja, na kwa utaratibu. Mambo mawili hayahitaji kugusa Katiba hata kidogo na yanaweza kuanza mwaka huu: kumpa kila kijana kitambulisho akifika 16, kilichotenganishwa na karte ya uchaguzi, na kuchukua majina ya wenye 16 na 17 mapema ili wakifika umri wa kisheria waingie kwenye orodha bila foleni. Hayo yakifanyika kabla ya 2028, aliyezaliwa 2010 atapiga kura kwa umri wake wa kweli.

Na kuhusu Katiba, soma tena kifungu cha 218. Kinasema watu 100,000. Hakisemi wachaguzi 100,000. Wanasheria watabishana kama sahihi ya mtoto wa miaka 16 inahesabika, na acha wabishane. Ombi hilo linaweza kuandaliwa tangu sasa, likisubiri siku kifungu cha 219 kitakapoachia. Ningependa lianzie katika shule za umanite za Katuba, Kenya na Ruashi, wazazi na walimu wakitia sahihi kando ya wanafunzi, na kwa kila jina ipachikwe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiyekuwa na cheti, na watakuwa wengi, asikataliwe sahihi: jina lake liandikwe kwenye daftari la pili, na daftari hilo lipelekwe kwa burgumestri, mkuu wa komini, likidai vyeti.